Sataranji ya dadu na bao la Buha: hukumu haifuati jina

Swali limetufikia kutoka Kasulu, na haukupita muda likaja jingine la jinsi hiyohiyo kutoka Kibondo. Yote mawili ni juu ya bao. La kwanza linauliza iwapo ndoa iliyoshuhudiwa na mzee anayejulikana kwa kucheza bao kila baada ya Alasiri imesihi, kwa kuwa kijana mmoja aliyerejea kutoka masomoni alisimama msikitini akasema mcheza bao ni fasiki, na fasiki hawi shahidi wa ndoa. La pili ni fupi: je, bao ni nardi?

Tungeweza kujibu kwa mistari mitatu. Lakini hoja iliyowaingiza ndugu zetu katika wasiwasi huu si ya msikiti mmoja. Inasikika katika darsa, inasikika katika mawaidha yaliyorekodiwa, na kila inaporudiwa huongezewa ukali. Kwa hiyo tumeona bora kuihakiki hoja yenyewe kuliko kumjibu kijana huyo, ambaye nia yake hatuna sababu ya kuitilia shaka.

Hoja imejengwa hivi. Mtume (s.a.w.) amekataza nardi. Nardi ni mchezo wa ubao na kete. Sataranji nayo ni ubao na kete, na bao ni ubao na kete. Basi vyote ni kitu kimoja na hukumu yake ni moja. Wenye kutaka kuifunga zaidi huongeza kuwa wanazuoni wamekubaliana wote kuharamisha sataranji, na bao ni ndugu yake.

Hatua ya kwanza haina mjadala. Hadithi ya Buraida (r.a.) iliyomo katika Sahihi Muslim imemfananisha mcheza nardi na mtu aliyeutia mkono wake katika nyama na damu ya nguruwe. Hadithi ya Abu Musa al-Ash'ari (r.a.), iliyopokewa na Malik na Abu Daud, imemhesabu kuwa amemuasi Allah na Mtume Wake. Na katika Muwatta imo habari ya Bibi Aisha (r.a.) kuwapelekea wapangaji wake onyo la kuwatoa nyumbani kwake kwa sababu ya nardi waliyokuwa nayo, na ya Ibn Umar (r.a.) kuivunja alipomkuta nayo mtu wa nyumbani kwake. Mwenye kutaka kulipunguza katazo hili hana pa kushika.

Kasoro imo katika hatua ya pili. Nardi haikuwa nardi kwa sababu ya ubao. Ilikuwa nardi kwa sababu ya dadu. Mchezaji hurusha dadu mbili, na idadi inayotoka ndiyo inayomwambia asogeze nini na kwa hatua ngapi. Akili yake inafanya kazi baada ya dadu kusema, haitangulii. Ukiiondoa dadu, ubao unabaki ubao tu, kama ulivyo ubao wa kuandikia Qur'ani madrasani.

Ili tuone kama maneno haya yana uzito, hebu tuchukue mchezo ambao wanafunzi wetu wengi hawajausikia hata jina. Tunaupata kwa mtu ambaye si mgeni katika historia ya nchi zetu: Abul-Hasan Ali bin al-Husayn al-Mas'udi, aliyefariki mwaka 345 Hijria (956). Huyu alifika pwani ya Zanj, na safari yake ya mwisho kutoka Qanbalu, ambacho wanahistoria wengi wanakiona kuwa ni kisiwa cha Pemba, kwenda Oman ilikuwa mwaka 304. Katika kitabu chake Muruj adh-Dhahab ametaja jambo ambalo msomaji wa Kigoma hawezi kulipita hivihivi. Anasema pembe za ndovu za nchi ya Zanj zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda China na India, na kwamba huko India matumizi yake makubwa yalikuwa ni kuchonga kete za sataranji na za nardi. Miaka mia tisa baadaye biashara hiyohiyo ilikuwa inapita mlangoni kwa Waha: pembe zilishuka Ujiji, zikapita Uvinza na Tabora hadi Bagamoyo na Unguja, na misafara iliyokatiza Buha ilitozwa hongo na watawala wa huko. Stanley alilipa hongo hiyo mara kadhaa mwaka 1871, hata mwishowe akaamua kupita usiku kwa kificho. Kwa hiyo mzee wa Kasulu anayesikia neno sataranji na kuona ni mambo ya Ulaya ajue kuwa malighafi ya mchezo huo ilitoka katika pori la Afrika Mashariki kabla Ulaya haijaujua vizuri mchezo wenyewe.

Tuache hayo. Al-Mas'udi huyohuyo, katika kitabu hichohicho, ameorodhesha aina za ubao wa sataranji zilizojulikana zama zake. Upo ubao wa mraba, nane kwa nane, unaonasibishwa na Wahindi wa kale, nao ndio uliobaki mpaka leo. Upo wa kumi kwa kumi, ambao kila upande uliongezewa kete mbili zilizoitwa dababa, jina la chombo cha vita cha kubomolea kuta za ngome. Upo wa duara unaonasibishwa na Warumi, yaani watu wa Bizanti. Upo wa duara mwingine ulioitwa wa falaki, wenye nyumba kumi na mbili kwa hesabu ya buruji na kete saba kwa hesabu ya sayari walizozijua. Na upo mmoja uliobuniwa zama zake, uitwao al-jawarihiyya, yaani wa viungo, saba kwa nane, kila upande kete sita, na kila kete imepewa jina la kitu ambacho kwacho mtu huhisi, husema na hutenda. Huu wa viungo umetuvutia, kwa sababu Waislamu wale walikuwa wakisoma katika Surat Yasin kuwa viungo vitashuhudia Siku ya Kiyama, nao wakakaa kuvichezesha ubaoni. Hatusemi waliubuni kwa kuikusudia aya hiyo. Tunasema tu kwamba mchezaji mwenye kuzinduka angepata la kufikiri.

Uliotuleta hapa ni ubao wa sita, uitwao sataranji ndefu, at-tawila. Umbo lake ni nne kwa kumi na sita. Ukizidisha unapata 64, hesabu ileile ya ubao wa mraba. Majeshi ni yaleyale: mfalme, waziri, ndovu wawili, farasi wawili, rukhu wawili na askari wanane kila upande. Jina ni sataranji, kete ni za sataranji, lengo ni lilelile la kumbana mfalme wa adui. Lakini maandishi ya kale ya Kiarabu ya wajuzi wa mchezo huo yanaeleza kuwa ulichezwa kwa dadu. Ikitoka sita, anasogea mfalme. Tano ni ya waziri, nne ni ya ndovu, tatu ni ya farasi, mbili ni ya rukhu, na moja ni ya askari. Mchezaji anaweza kumwona farasi wake akiliwa, na njia ya kumwokoa anaiona kwa macho, lakini maadamu dadu haikutoa tatu hana la kufanya.

Wala si mchezo huo peke yake. Al-Biruni, alipoandika habari za India mwaka 1030 hivi, alieleza sataranji ya watu wanne wanaozunguka ubao mmoja, nayo pia huendeshwa kwa dadu.

Sasa tunamuuliza mwenye hoja: sataranji ndefu ina hukumu gani? Akisema ni sataranji, basi ameshindwa kuona kuwa ndani yake imo nardi kamili. Na akisema ni nardi, basi amekubali kuwa kinachotazamwa ni namna mchezo unavyokwenda, si ubao wala jina, na hoja yake juu ya bao imeanguka papo hapo. Tunalisema hili kwa upande wa pili vilevile, kwa wale wanaopenda kutamba kuwa Imam ash-Shafi'i amehalalisha sataranji na basi. Mtu angewaletea ubao wa nne kwa kumi na sita na dadu yake, akawaambia hii ni sataranji, wangeicheza kwa jina la Imam hali ya kuwa wamo katika hadithi ya Buraida.

Al-Mas'udi anataja pia mjadala ambao wanafunzi wa akida wataufurahia. Baadhi ya watu wa mantiki katika Waislamu walisema aliyebuni sataranji alikuwa mtu wa kuamini kuwa mja ana uwezo na hiari, na aliyebuni nardi alikuwa mtu wa jabri, mwenye kuona kuwa mja analazimishwa tu. Ni maneno ya kuchangamsha baraza, akida haichukuliwi kwenye ubao wa mchezo. Lakini hata maneno hayo yanaonyesha kuwa watu wa zama zile, waliokuwa wakiiona michezo yote miwili kila siku Baghdad, hawakuwa na shaka mpaka uko wapi: upo kwenye dadu.

Mafakihi wa madhehebu yetu nao waliuona mpaka huohuo, na hapa ndipo tunapowashangaa wenye hoja, kwa sababu vitabu hivi vinasomeshwa katika misikiti yetu kuanzia Lamu hadi Ujiji. Ar-Rafi'i (aliyefariki 623) aliweka kanuni ya kuikisia michezo mingine juu ya miwili hii. Ibn Hajar al-Haytami (aliyefariki 974) ameinukuu katika Tuhfat al-Muhtaj na kuifafanua. Maana yake ni kuwa kila mchezo ambao tegemeo lake ni hesabu na fikra si haramu, na kila mchezo ambao tegemeo lake ni kubahatisha ni haramu. Na Ibn Hajar alipotaka mfano wa ule wa hesabu na fikra alitaja nini? Alitaja al-manqala. Akaieleza kuwa ni mashimo, au mistari, ambayo vijiwe huhamishwa kutoka humo na kuingizwa humo kwa hesabu.

Ndugu msomaji, mashimo na vijiwe vinavyohamishwa kwa hesabu ni nini kama si bao? Hatukuhitaji kiyasi kabisa. Mchezo umetajwa kwa sura yake katika kitabu ambacho kadhi wa Kishafi'i hawezi kukaa bila nacho. Na amefunga na mlango wa hila: manqala husalimika iwapo hesabu yake haifuati kinachotolewa na vijiti vya kurusha, ambavyo kazi yake ni kama ya dadu. Ikifuata, ni haramu. Yaani manqala ya dadu ina hukumu ya sataranji ndefu.

Imam mwenyewe alitangulia. Katika al-Umm, mlango wa ushahidi, amesema anaikirihi nardi kuliko michezo mingine yote kwa sababu ya hadithi, kwamba hapendi kucheza sataranji nayo ni nyepesi kuliko nardi, na kwamba inakirihiwa pia al-hazza na al-qirq. Al-hazza imeelezwa kuwa ni kipande cha ubao chenye mashimo ya kuchezea. Ni wazi basi kuwa tangu kabla ya mwaka 204, alipofariki Imam, mchezo wa mashimo ulikuwa mbele ya macho ya mafakihi, wakautenga na nardi, na wakauweka katika karaha, si katika haramu. Karaha nayo tusiimeze. Imam hakusema bao ni jambo zuri.

Tulitazame na bao lenyewe, kwa kuwa wapo wanaolihukumu bila kulijua. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 32: kumi ziko ubaoni, sita kati yake zikiwa katika nyumba, na 22 ziko mkononi. Katika hatua ya namua huingiza kete moja moja, na zikimalizika mkononi huingia mtaji. Anayeishiwa kete katika safu yake ya mbele, au akawa hana tena pa kuchezea, ameshindwa. Toka mwanzo hadi mwisho hakuna dadu, wala vijiti, wala karata iliyofichwa. Kila kete iko wazi mbele ya wote wawili, na mchezaji hodari huhesabu mzunguko hadi mwisho wake kabla hajagusa shimo. Ndugu zetu wa Burundi wana ikibuguzo na Wanyarwanda wana igisoro, na jirani zetu wa Kongo wana kisolo. Sheria zinatofautiana lakini katika hili ni sawa. Katika nyanda za juu za Kigoma mambo haya yamechanganyika zaidi kuliko kwingine, kwa sababu wakimbizi wa Kongo waliopokewa Nyarugusu tangu 1996, na wa Burundi walioingia kwa wingi mwaka 2015 hadi kambi ya Nduta ikafunguliwa upya, walikuja na michezo yao. Ubao hawakuubeba. Mashimo huchimbwa ardhini chini ya mti, na kokoto hazinunuliwi. Tunaona si haba kumtazama mtu aliyekimbia kwao, hana shamba wala kazi, ameketi na jirani yake kuhesabu kokoto, kabla hatujamwita fasiki.

Tumesema tutahakiki, basi tuwape haki yao wanaotuhalifu. Wana hoja moja yenye nguvu, tena ni nguvu kweli. Imam Malik (aliyefariki 179) hakutenganisha kama walivyotenganisha Mashafi'i. Katika Muwatta imepokewa kwamba aliona hakuna kheri katika sataranji, akaikirihi, na akasoma aya ya Surat Yunus inayouliza kuna nini baada ya haki isipokuwa upotevu. Mahanafi na Mahanbali wanaizuia. Ndani ya madhehebu yetu wenyewe al-Halimi (aliyefariki 403) aliiharamisha. Na Ibn Taymiyya (aliyefariki 728) alisema neno ambalo kila mpenda bao anapaswa kulisikia: kwamba kwa upande wa kuushughulisha moyo, sataranji inaweza kuwa mbaya kuliko nardi, kwa sababu fikra inazama ndani yake na mtu anaendelea kuicheza kichwani hata akiwa ameinuka. Aya ya Surat al-Maida iliyotaja pombe na kamari imetaja pia sababu: uadui na chuki baina ya watu, na kuwazuia kumkumbuka Allah na kuswali. Anayetaka kujua kama sababu hii ipo katika bao akakae kidogo kwenye kibaraza cha bao Kasulu mjini wakati adhana ya Magharibi inapotolewa, aone mikono mingapi inaacha kete.

Hoja hii hatuitupi. Tunasema tu kwamba inahusu mtu na wakati wake. Haisemi kitu juu ya mashimo na kete. An-Nawawi (aliyefariki 676) alipoulizwa juu ya sataranji alijibu kwa kupambanua: ikimpitishia mtu swala nje ya wakati wake, au akaicheza kwa malipo, ni haramu, vinginevyo ni makruhu kwa Shafi'i na haramu kwa wengine. Mpira wa miguu unaotazamwa hadi Isha ikachelewa unaingia katika hukumu hiyohiyo, na mazungumzo ya kahawani pia. Hatujasikia khutba yoyote inayosema waliotazama mpira hawawezi kushuhudia ndoa.

Kuhusu madai ya makubaliano ya wanazuoni wote, hayana msingi. Maimamu wanne hawakukubaliana, na imepokewa kuhusu Said bin Jubair, katika wakubwa wa Tabiina, kwamba alikuwa akicheza sataranji akiwa ameupa ubao mgongo. Tukubali kuwa wengi wameharamisha. Lakini wengi si wote, na katika suala la ikhtilafu ya namna hii hakuna anayeitwa fasiki kwa kufuata madhehebu ya watu wa nchi yake.

Panahitajika pia neno juu ya kitabu kinachotegemewa sana na wenye hoja, moja kwa moja au kwa kunukuliwa na wengine. Ni kitabu cha Abu Bakr al-Ajurri (aliyefariki 360) cha kuharamisha nardi, sataranji na vya upuuzi. Al-Ajurri ni mtu mwema na muhaddithi, aliishi Baghdad kisha akahamia Makka, na ni wa zama moja na al-Mas'udi. Lakini kitabu kimeziweka nardi na sataranji chini ya anwani moja, na msomaji asiye makini humaliza akiwa amezibeba hadithi za nardi, ambazo ni sahihi, na kuzimwaga juu ya sataranji, ambayo haina hadithi sahihi hata moja kutoka kwa Mtume (s.a.w.). Ibn Kathir amelisema hili waziwazi, na sababu yake ni ya kihistoria: sataranji ilidhihiri kwa Waarabu zama za Masahaba. Riwaya mashuhuri ya Ali (r.a.) kuwapitia wacheza sataranji na kuwasomea maneno ya Nabii Ibrahim kwa waabudu masanamu imepokewa na wengi, na isnadi yake ina maneno kwa kuwa imekatika. Hata tukiikubali, ni kauli ya Sahaba yenye kubeba makemeo, si hadithi ya Mtume.

Katika kitabu hicho imo riwaya inayonasibishwa na Abu Hurayra (r.a.) ya kukataza kuwasalimia wacheza nardi na sataranji. Hii ndiyo inayofanya kijana apite mbele ya baraza la wazee asitoe salamu, akidhani amefuata Sunna. Katika isnadi yake yumo Sulayman bin Dawud al-Yamami, na wahakiki wa hadithi wamemdhoofisha mno. Wazee wa Kiha wana adabu nzito ya maamkizi. Kijana anayewapita kimya kwa hadithi ya al-Yamami amevunja haki ya Muislamu iliyothibiti kwa hadithi sahihi, ambayo ni kumsalimia nduguye.

Sasa turudi kwenye ndoa ya Kasulu.

Shahidi wa ndoa katika madhehebu yetu sharti awe muadilifu, na an-Nawawi katika Minhaj amesahihisha kuwa ndoa hufungika kwa mashahidi ambao uadilifu wao ni wa dhahiri tu, bila kuchimbuliwa ndani. Mzee anayecheza bao bila malipo hajafanya kubwa wala hajadumu juu ya dogo, amefanya makruhu. Katika al-Umm, Imam hakuurudisha ushahidi wa mcheza sataranji anayeiona ni halali. Aliurudisha ushahidi wa yule anayeghafilika kwayo na swala hadi wakati unatoka, kisha akarudia tena na tena, na sababu aliyoitoa ni kuzidharau nyakati za swala. Kosa likawa ni swala.

Ila hapa pana jambo ambalo kijana wetu angeweza kulitumia na hakulitumia. Minhaj imehesabu katika mambo yanayoangusha murua, yaani heshima ya mtu inayomfanya asadikiwe, kujiinamia kwenye sataranji kwa wingi. Mzee wetu hucheza kila siku. Je, murua wake umeanguka? An-Nawawi mwenyewe ametoa ufunguo kwa kusema kuwa jambo la murua hutofautiana kwa watu, hali na mahali. Tunavyoona sisi, mtu mzima wa Buha aliyemaliza shamba lake, akakaa barazani baada ya Alasiri na wenzake wa rika lake, akainuka kwenda Magharibi, hajavunja murua kwa desturi ya mahali pale. Desturi ya pale inamhesabu kuwa mzee aliyetulia. Imamu wa msikiti au kadhi akifanya hivyohivyo kila siku tungesema mengine, maana watu wanamtazama kwa jicho jingine. Na hata tungekubali kuwa murua umepungua, kupungua murua si ufasiki, na ndoa iliyokwisha fungwa kwa mashahidi waliokuwa dhahiri ni wema haivunjwi kwa habari ya bao. Fikiri ni ndoa ngapi za Kasulu, Kibondo, na za Buhigwe na Kakonko zilizokuwa sehemu ya wilaya hizo hadi 2012, zingekuwa batili, na watoto wangapi wangetiliwa shaka nasaba yao, iwapo kauli ile ingechukuliwa kama ilivyosemwa. Mwenye kutoa fatwa ya namna hii hajajiuliza inaishia wapi.

Ndoa ile imesihi. Wahusika wakae kwa amani.

Yapo mambo mawili ambayo muulizaji hakuyauliza nasi tunayaona ni makubwa kuliko bao lenyewe. La kwanza ni ile desturi ya kuwekeana soda. Wawili wanacheza, na masharti ni kuwa aliyeshindwa atawanunulia. Watu wanaiona kuwa mzaha. Katika fikihi, mali ikishurutishwa pande zote mbili ni kamari bila shaka yoyote, iwe soda moja au ng'ombe. Minhaj imelisema hilo kwenye sataranji penyewe. Ikitolewa na upande mmoja tu haiwi kamari, lakini mapatano yenyewe ni fasidi na aliyeshinda hana haki ya kudai. Ukumbi wa bao unaochezwa kwa masharti hayo unastahili khutba yote aliyoitoa kijana wetu, na zaidi.

La pili ni ludo. Mchezo huu unauzwa madukani ukiwa umechapwa kwenye karatasi gumu lenye rangi nne, pamoja na dadu yake. Watoto huucheza majumbani, pengine katika nyumba za maimamu, wakati wa likizo na hata mchana wa Ramadhani ili njaa ipite. Kete haisogei mpaka dadu itoe sita, na baada ya hapo kila hatua ni ya dadu. Kwa kanuni ya ar-Rafi'i, na kwa kila kauli ya kila imamu tuliyemtaja hapo juu, huu ndio mchezo ulio karibu zaidi na nardi ya hadithi ya Buraida kuliko mchezo wowote unaochezwa Kigoma. Bao limepigwa vita mimbarini na ludo imekaa kabatini pamoja na misahafu. Wazazi wakitaka kuiondoa dadu na kuwaachia watoto ubao wa drafti na vizibo vya soda, watakuwa wamewatoa kwenye haramu na kuwapeleka kwenye jambo lenye ikhtilafu nyepesi. Na kijana aliyesimama msikitini, akipata nafasi nyingine ya kusimama, aanze na ludo, kisha aingie kwenye mikeka ya kubeti ambayo vijana wa rika lake wanaijaza kwenye simu zao wakiwa wameketi safu ya nyuma ya msikiti huohuo.